Kibali Kimeondolewa, Mzigo Umehamia Dirishani

Machi 2024 jimbo la South Carolina liliondoa sharti la kibali kwa mtu mzima anayetaka kubeba bastola. Julai 4 mwaka huohuo Louisiana nayo ikafuata, na hesabu ya majimbo ya Marekani yenye utaratibu huo ikafika 29. Wapenda silaha walishangilia uhuru, wapinzani wao wakatabiri damu, na Waswahili wanaoishi huko, kuanzia Minneapolis hadi Houston na Louisville, wengi walibaki na tafsiri moja fupi: siku hizi huhitaji karatasi, weka bastola kwenye gari uendelee na safari zako. Tafsiri hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoweza kumpeleka mtu jela au kaburini. Kibali hakikuwa ruhusa tu. Kilikuwa pia taarifa iliyomfikia askari kabla hajasemezana na dereva aliyemsimamisha. Kilipoondolewa, kazi ya kutoa taarifa hiyo haikuondoka nacho. Imehamia kwenye mdomo na mikono ya dereva, pale dirishani, mara nyingi usiku, mbele ya mtu mwenye wasiwasi na bastola yake mwenyewe kiunoni. Hoja yangu ni kwamba majimbo yameiacha kazi hiyo bila utaratibu unaoeleweka, na kwamba wanaotaka kumlazimisha dereva ajitangaze wamekosea, kama walivyokosea wanaomfundisha anyamaze hadi mwisho. Wajibu wa kufungua mazungumzo kuhusu silaha unapaswa kuwa wa askari.

Ili kuelewa kilichopotea, tazama jinsi askari wa Marekani anavyomsimamisha mtu. Hasimami kando ya barabara na kupunga mkono kama trafiki wetu wa Morogoro au Nakuru. Anakuja na gari nyuma yako, anawasha taa, na kabla ya kushuka mara nyingi ameshaingiza namba zako kwenye kompyuta iliyo ubavuni mwake. Kompyuta inamwambia gari limeandikishwa kwa nani, leseni ya mwenyewe iko hai au imesimamishwa, na kama kuna hati ya kukamatwa. Katika majimbo kadhaa, Ohio na Texas yakiwemo, rekodi hiyo inaonyesha pia kama mhusika ana kibali cha bastola. Askari akiona hivyo anajua mambo mawili kwa pamoja: huenda kuna silaha ndani ya gari, na mwenye gari alishachunguzwa alama za vidole na rekodi za mahakama. Juu ya hapo, kibali kilikuja na darasa, saa 8 kwa Ohio na Michigan, saa 4 hadi 6 kwa Texas, na kwa watu wengi darasa hilo ndilo lililokuwa mahali pekee walipoambiwa la kufanya taa za polisi zinapowaka nyuma yao. Leo mtu anaweza kununua bastola asubuhi dukani, akapita ukaguzi wa serikali kuu kwa simu, na jioni akasimamishwa na polisi akiwa nayo kiunoni bila kuwahi kusikia hata sentensi moja ya somo hilo. Kompyuta ya askari haitasema lolote.

Sheria zenyewe zinachanganya hata wanasheria. Michigan, ambayo bado inadai kibali, inamtaka mwenye nacho aseme mara moja anaposimamishwa kwamba ana bastola. Akikaa kimya, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa miezi 6. North Carolina nayo inamtaka mwenye kibali ajitangaze. Alaska na Nebraska haziulizi kibali, lakini zinamtaka mbebaji aseme bila kuulizwa. Arizona inasema jibu kwa ukweli ukiulizwa. Ohio ilikuwa na wajibu wa kujitangaza hadi Juni 13, 2022, ilipoondoa sharti la kibali na pia kubadili wajibu huo: sasa dereva anawajibika kusema pale tu askari anapouliza, na kudanganya ni kosa la jinai. Kisha zipo Texas na Maine, ambazo ukiziweka pamoja unashika kichwa. Texas inamtaka mwenye kibali aonyeshe kibali pamoja na leseni ya udereva anapodaiwa kitambulisho, lakini asiye na kibali hana wajibu kama huo. Maine ni kinyume kabisa: asiye na kibali lazima ajitangaze mara moja, mwenye kibali halazimiki. Dereva wa lori anayetoka Houston kwenda Portland, Maine, anabeba bastola ileile kwenye ala ileile, yaani mfuko wa bastola unaovaliwa kiunoni, na njiani wajibu wake unageuka juu chini bila kibao chochote cha kumwambia.

Zaidi ya hapo kuna sheria za serikali kuu ambazo majimbo 29 hayawezi kuzifuta. Sheria ya maeneo ya shule inakataza kuwa na bunduki au bastola ndani ya futi 1,000, karibu mita 305, kutoka kwenye mipaka ya shule. Anayesamehewa ni mwenye kibali kilichotolewa na jimbo ilipo shule hiyo, au yule ambaye silaha yake haina risasi na imefungiwa kwenye kasha lenye kufuli. Pima mita 305 kutoka kila shule ya msingi mjini Columbus uone ni barabara zipi zitabaki. Anayebeba bila kibali, kwa ruhusa kamili ya jimbo lake, anavunja sheria ya taifa kila anapopita mbele ya shule na bastola iliyojaa. Kwa sababu hiyo majimbo mengi yaliyoondoa sharti bado yanatoa vibali kwa anayetaka, na mimi namshauri kila mwenye haki ya kukipata akichukue. Kuhusu kuvuka mipaka, sheria ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayetoka jimbo ambako kubeba ni halali kwenda jingine ambako ni halali, kwa masharti: silaha isiwe na risasi, na silaha wala risasi visifikike kirahisi kutoka kwenye viti. Kwa maneno ya kawaida, viwe ndani ya buti. Gari lisilo na buti la kujitenga linahitaji kasha lenye kufuli, na sheria inasema waziwazi kwamba kabati la dashibodi au lile la katikati ya viti halihesabiki.

Sasa twende Falcon Heights, Minnesota, Julai 6, 2016, maana kila mjadala wa jambo hili unarudi pale. Philando Castile, miaka 32, mtumishi wa mkahawa wa shule, alisimamishwa akiwa na mwenzake na mtoto wa miaka 4 kwenye kiti cha nyuma. Aliambiwa ni taa ya breki. Asichoambiwa ni kwamba askari alikuwa ameshasema kwenye redio kuwa dereva anafanana na mshukiwa wa ujambazi. Castile alikuwa na kibali halali. Askari Jeronimo Yanez aliomba leseni na bima. Castile akatoa kadi ya bima, kisha kwa adabu akamwarifu kwamba ana silaha. Hapo askari akamwambia asiitoe. Castile akajibu kwamba haitoi. Baada ya sekunde chache zikafyatuliwa risasi 7, na 5 zikampata. Bastola ilikutwa mfukoni mwa kaptula yake. Mwaka 2017 baraza la mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, lilimwachia askari huyo huru.

Sikiliza amri mbili zilizokuwa hewani kwa wakati mmoja. Ya kwanza: toa leseni. Ya pili: usiitoe. Ya pili inahusu nini? Askari alimaanisha bastola. Castile, ambaye mkono wake ulikuwa bado unatii amri ya kwanza, alikuwa anajibu kuhusu bastola huku akitafuta leseni. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote viwili, na kwa hili Kiswahili kisingetuokoa, kwa kuwa leseni na bastola zote ni za ngeli moja: usiitoe inazipata zote. Na mwili nao unadanganya vilevile. Mkono unaokwenda kwenye mfuko wa nyuma wa kulia kuchukua waleti unapita njia ileile ya mkono unaokwenda kwenye ala iliyo nyongani kulia. Kwa mtu aliyesimama nje, nyuma kidogo ya nguzo ya mlango wa dereva, hakuna tofauti hadi kitu kitokeze. Tena kumbuka kwamba sheria ya Minnesota haikumtaka Castile ajitangaze. Inasema mwenye kibali ajibu anapoulizwa. Alifanya zaidi ya alichodaiwa, kwa nia njema, na alikifanya katikati ya amri nyingine ambayo ilikuwa haijamalizika.

Wanaotetea wajibu wa kujitangaza wana hoja nzito na sitaipuuza. Wanasema askari ana haki ya kurudi nyumbani, na kwamba mshtuko wa kuiona bastola ghafla ni hatari kuliko taarifa iliyotangulia. Mahakama Kuu ya Marekani iliipa hoja hii uzito tangu mwaka 1977, katika kesi iliyotoka Philadelphia ya dereva aliyesimamishwa kwa namba za gari zilizokwisha muda: aliamriwa kushuka, uvimbe ukaonekana chini ya koti lake, na ikatoka bastola. Tangu hapo askari anaweza kumshusha dereva yeyote aliyesimamishwa kihalali bila kutoa sababu ya ziada, na tangu 1997 hata abiria. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nne, inayosimamia Virginia, Maryland na majimbo ya Carolina miongoni mwa mengine, ilikwenda mbali zaidi: aliyesimamishwa kihalali akishukiwa kuwa na silaha anaweza kupapaswa, kwa kuwa silaha yenyewe inatosha kumfanya wa hatari, awe anaibeba kihalali au la. Angalia matokeo yake kwa South Carolina ya leo. Jimbo linasema beba bila kibali. Mahakama inayolisimamia inasema ukibeba na ukasimamishwa kwa kutofunga mkanda wa kiti, askari ana haki ya kukupapasa. Vyote viwili ni sheria kwa wakati mmoja.

Lakini wajibu wa kujitangaza una kasoro isiyozibika. Mwenye nia mbaya hajitangazi. Kinachobaki ni taarifa kutoka kwa watu ambao hawakuwa tishio, wakilazimika kuitoa kwa wakati wasiouchagua. Na ukubwa wa hatari yenyewe unahitaji kupimwa. Utafiti wa profesa wa sheria Jordan Blair Woods, uliochapishwa mwaka 2019 kwa takwimu za vyombo zaidi ya 200 vya polisi vya Florida, ulikadiria kwamba askari huuawa kwa makusudi mara 1 katika kila usimamishaji milioni 6.5 wa kawaida. Kifo kimoja kinaumiza familia nzima na sisemi kwamba ni kidogo. Ila mafunzo yanayomfanya askari aukaribie kila mlango kana kwamba ni ule mmoja kati ya milioni 6.5 yanawafikia pia madereva wa hizo nyingine zote, na gazeti la New York Times mwaka 2021 lilihesabu madereva na abiria zaidi ya 400 waliouawa na polisi ndani ya miaka mitano wakiwa hawana bunduki wala kisu mkononi, wala hawafukuzwi kwa uhalifu wa kutumia nguvu.

Upande wa pili kuna wanaosema: kama sheria haikulazimishi, funga mdomo. Nao wana ushahidi. Huko Waterbury, Connecticut, usiku wa Novemba 2018, dereva mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara akihangaika na ramani ya simu iliyoganda. Askari alipofika, alimpa leseni pamoja na kibali, akamwambia bastola iko kwenye mfuko wa mlango. Akavutwa nje, akafungwa pingu, akawekwa nyuma ya gari la polisi, na gari lake likapekuliwa hadi buti. Ilichukua hadi Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili kusema kwamba kumwambia askari una silaha halali huku ukimkabidhi kibali halali hakumpi askari sababu ya kukukamata. Miaka karibu sita. Na Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali cha Pennsylvania alivuka kuingia New Jersey, akasimamishwa, akasema ukweli kuhusu bastola yake. New Jersey haikitambui kibali cha Pennsylvania. Ukweli wake ukawa ushahidi, na alikabiliwa na kifungo cha miaka kadhaa hadi gavana Chris Christie alipomsamehe mwaka 2015.

Hata hivyo ushauri wa kunyamaza unavunjika katika hali mbili. Ya kwanza ni pale silaha itakapoonekana vyovyote vile: umeamriwa kushuka na iko kiunoni, au kadi ya bima iko kwenye kabati la dashibodi ilimo bastola. Hapo kimya kinageuka mtego uliojitegea mwenyewe. Ya pili ni pale unapoulizwa. Kukataa kujibu ni haki katika mambo mengi, lakini katika majimbo niliyotaja swali hili mahususi lina sheria yake, na uongo unaweza kuwa kosa la jinai.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi, hata na wazee wetu wanaopiga simu kutoka nyumbani: mtii askari, hutapatwa na kitu. Inadhani kwamba amri huja moja moja, zikiwa wazi, na kwamba mtii hupewa nafasi ya kutii. Huko Canton, Ohio, Juni 2011, kamera ya gari la polisi ilirekodi dereva aliyekuwa ameshika kibali mkononi akijaribu kusema ana silaha, na kila alipofungua kinywa akanyamazishwa. Sheria ya wakati ule ilimtaka aseme upesi. Hatimaye aliposikika, askari alimtishia maisha kwa hasira, na dereva akashtakiwa kwa kutojitangaza. Mashtaka yakafutwa, lakini picha ile inaonyesha mtu anayetii amri ya kunyamaza na papo hapo anavunja amri ya kusema. Castile naye alitii. Kabla ya usiku ule alishasimamishwa zaidi ya mara 40 maishani na alikuwa mzoefu wa utii. Kumwambia kijana mweusi wa Kikongo au wa Kikenya aliyeko Minnesota kwamba adabu inatosha ni kumpa ngao ya karatasi. Adabu inasaidia sana, nami nitaisisitiza sasa hivi, lakini haizibi pengo lililoachwa na sheria.

Kinachosaidia ni mpangilio uliofanywa kabla ya safari. Nyaraka na silaha visikae pamoja kamwe. Leseni, kadi ya usajili na bima viwekwe kwenye mfuko wa kivuli cha jua juu ya kioo, au kwenye klipu ya matundu ya hewa, ambako mkono unaonekana ukienda na kurudi. Waleti isikae mfuko wa nyuma upande wa ala. Taa zikiwaka nyuma yako, washa indiketa ya kulia, punguza mwendo, tafuta mahali penye mwanga na nafasi. Zima injini, shusha kioo chote, usiku washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani vidole vikiwa wazi, na abiria waweke yao juu ya magoti au dashibodi. Usianze kupekua. Askari anaona mabega yako kwa nyuma, na bega linaloshuka upande mmoja humwambia kwamba kuna kitu kinafichwa au kinachukuliwa. Na usishuke. Kwetu ni heshima kushuka, kumwamkia trafiki na kumfungulia buti. Huko kushuka bila kuamriwa ni ishara ya shari, na watu wetu wapya wameingia matatani kwa adabu hiyohiyo.

Ukiulizwa, au sheria ya jimbo ikikutaka useme, neno la kwanza lisiwe jina la silaha. Askari wa Marekani hupeana tahadhari kwa kupaza neno moja, gun, na mwenzake aliyesimama upande wa abiria akilisikia peke yake kupitia kelele za barabara atachomoa yake kabla ya kusikia lililobaki. Sentensi ianze na kibali kama unacho, iendelee na mahali ilipo silaha, iishie na swali: ungependa nifanyeje? Mikono ibaki usukani muda wote huo. Ikiwa leseni iko upande wa silaha, sema hivyo kabla ya kusogea, usubiri jibu, na uitaje kwa jina, leseni, usiseme hiyo au ile. Amri mbili zikigongana, usichague. Ganda, sema kwa sauti kwamba umesikia mambo mawili, uliza lipi kwanza.

Mkanda wa kiti unastahili aya yake. Marekani usukani uko kushoto, kwa hiyo kifungo cha mkanda kiko nyonga ya kulia, sentimita chache tu kutoka kwenye ala ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Anayeendesha Dar es Salaam kifungo kiko kushoto, na mazoea hayo humfanya mtu asifikirie jambo hili kabisa. Ukiamriwa kushuka, kitendo cha kufungua mkanda kinapeleka mkono wako wa kulia moja kwa moja kwenye bastola. Mwambie askari mkanda uko karibu na silaha, mwombe aufungue yeye au akuruhusu uvushe mkono wa kushoto taratibu. Wapo wanaohamishia ala sehemu nyingine wakiwa garini; wafanye hivyo nyumbani kabla ya kuondoka, siyo taa zikiwa zimeshawaka.

Askari akitaka kuitunza silaha, ana uwezo huo kwa muda wa usimamishaji, na hapa ajali hutokea. Usiitoe mwenyewe, usijitolee kuipakua. Bastola nyingi za kisasa, Glock kwa mfano, hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani ya kifyatulio chenyewe, na mtu asiyezoea ala yako anayeichomoa kwa pembe mbaya anaweza kugusa asichokusudia huku mdomo wa bastola ukielekea paja lako. Omba kwa upole aichukue pamoja na ala yake. Mwishoni mara nyingi utarudishiwa bastola magazini (kasha la risasi) ikiwa imetolewa na chemba (tundu la risasi iliyo tayari kufyatuliwa) ikiwa tupu, pengine imewekwa ndani ya buti, ukaambiwa usiijaze hadi aondoke. Iache hivyo hadi ufike kwako. Kupakia bastola kandokando ya barabara kuu, magari yakipita, kunamfanya askari mwingine anayepita asimame kwa sababu mpya.

Kwa wasio raia kuna tahadhari nzito kuliko zote hizi. Mwenye viza ya muda, ya uanafunzi au matembezi, haruhusiwi na sheria ya serikali kuu kumiliki wala kushika silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya kuwinda, na adhabu inafika miaka 15 jela tangu mabadiliko ya 2022. Mwenye grini kadi, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata la kubeba kinyume cha utaratibu, anaweza kufukuzwa nchini. Katika familia zetu gari ni la wote. Mjomba ana bastola halali kwenye kabati la katikati ya viti, mpwa aliyekuja kusoma anaazima gari kwenda dukani, anasimamishwa kwa mwendo. Kama anajua imo na anaweza kuifikia, waendesha mashtaka wanaweza kudai kwamba alikuwa nayo. Mwenye silaha ndiye mwenye wajibu wa kuitoa garini kabla ya kukabidhi funguo, kila mara, hata kwa safari ya dakika tano.

Yote haya ni mzigo wa dereva, na hapo ndipo ninapotofautiana na juhudi zilizofanyika hadi sasa. Arizona mwaka 2018 iliongeza kwenye kitabu cha madereva maelekezo kwa wenye silaha: mikono usukani, sema unayo. Texas kwa sheria ya 2017 iliingiza somo la kusimamishwa na polisi shuleni, na angalau ikawahusisha askari pia katika mafunzo. Ni hatua njema, lakini aliyechagua mahali na wakati wa kusimama, aliyewasha taa na anayetoa amri ni askari. Ndiye pekee anayejua amri yake ya kwanza imekamilika lini. Kwa hiyo yeye ndiye aulize, kabla ya kuomba karatasi yoyote: kuna silaha garini, na iko wapi? Dereva ajibu mikono ikiwa usukani. Kisha askari aseme silaha ibaki ilipo, na aombe leseni kwa jina lake. Ohio ilifika nusu ya njia mwaka 2022 ilipoondoa wajibu wa kujitangaza, ila haikumlazimisha askari kuuliza, kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kunyamaza hadi mkono utakaposogea.

Wapo watakaosema swali hilo litafungua mlango wa upekuzi. Hofu hiyo ni ya kweli, na kesi ya Waterbury inaithibitisha. Ndiyo maana sheria inayoweka swali inapaswa pia kusema kwamba jibu la ndiyo, peke yake, si sababu ya kumpekua wala kumfunga pingu mtu anayeruhusiwa kubeba, na kwamba kutouliza kunamwondolea dereva kosa la kukaa kimya. Bila sehemu hiyo ya pili, watu watajifunza kudanganya, na tutakuwa tumewaongezea askari hatari tuliyotaka kuipunguza.

Mlango wa kudai hili umefunguka kidogo mahakamani. Mei 2025 Mahakama Kuu, kwa kauli moja, iliamua kesi iliyotoka Houston ya dereva aliyesimamishwa mwaka 2016 kwa deni la ushuru wa barabara na kupigwa risasi gari lilipoanza kuondoka. Mahakama za chini zilikuwa zikitazama sekunde mbili za mwisho tu, pale askari alipojiona hatarini. Mahakama Kuu ilisema ni lazima kutazama hali yote tangu mwanzo. Haikuamua kama askari aliyejiletea hatari mwenyewe anawajibika, lakini kwa Texas, Louisiana na Mississippi, zilizokuwa chini ya kanuni ile ya sekunde mbili na ambazo zote sasa hazidai kibali, wakili wa familia anaweza kurudisha kanda ya kamera hadi taa zilipowashwa na kuuliza ni katika sekunde ya ngapi askari aliuliza kuhusu silaha, na kama aliwahi kuuliza.